Kompyuta ya nyumbani ikigoma kuwaka baada ya kujisasisha, usikubali ifutwe haraka

ASUBUHI ya Ijumaa, kabla hata ya kubandika chai, mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Morogoro alibonyeza kitufe cha kompyuta yake mpakato. Alitaka kuangalia hesabu za kikoba kwa mara ya mwisho. Jumapili wanachama 24 wangekutana nyumbani kwake Kihonda kugawana fedha za mwaka mzima, na yeye ndiye katibu.

Kompyuta iliwaka taa. Nembo ya kampuni iliyoitengeneza ikatokea, vidoti vikaanza kuzunguka, kisha kioo kikawa cheusi. Baada ya muda nembo ikarudi, vidoti vikazunguka tena, na giza likarudi. Alizima, akawasha, mambo yakawa yale yale.

Kama wazazi wengi, alianza na mtoto.

"Jana usiku ulikuwa unafanya nini kwenye hii kompyuta?" alimuuliza mwanawe wa kidato cha tatu, aliyekuwa akivaa soksi tayari kwa shule.

"Nilikuwa naandika kazi ya Jiografia, mama. Nilipomaliza niliizima."

"Uliizima au ulikuwa na magemu yako?"

Kijana alijibu kuwa aliizima vizuri, ila ilipokuwa ikizimika ilileta maandishi ya kuwa inajisasisha na kwamba isizimwe. Aliiacha mezani ikiendelea, akaenda kulala. Usiku huo umeme ulikatika mtaa mzima, na betri ya kompyuta hiyo ilikuwa imebaki kidogo sana kwa sababu kijana alikuwa ameihamisha chaja kuchajia simu ya mama kwenye soketi hiyo moja inayofanya kazi.

Mama hakuyasikiliza yote hayo. Aliondoka nyumbani akiwa ameshatoa hukumu: mtoto ameharibu kompyuta. Kijana naye alikwenda shule akiwa amenuna. Ndivyo siku inavyoharibika katika nyumba nyingi mashine inapogoma, na mara nyingi anayelaumiwa hana kosa.

Safari ya kwa fundi

Kilichomkosesha mama huyo raha si bei ya kompyuta, ingawa aliinunua mpya mwezi Januari kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Ni jedwali moja tu lililokuwa ndani yake. Daftari la kikoba liliishia Machi. Kuanzia hapo hisa za kila mwanachama, mikopo, marejesho, faini za wachelewaji na mfuko wa jamii vyote viliandikwa kwenye kompyuta. Wanachama wana vikadi vyao, lakini vingine vilikaa miezi bila kugongwa muhuri kwa sababu "iko kwenye kompyuta, mama, usijali".

Mtu aliyewahi kukaa katika kikoba anajua maana ya katibu kusimama mbele ya wanawake 24 siku ya kugawana na kusema hesabu zimepotea. Hata wakimwamini leo, kesho maneno yatakuwa sokoni.

Jioni aliipeleka mjini kwa fundi. Fundi aliiwasha, akaitazama kwa dakika mbili, akasema ugonjwa anaujua.

"Hii tunaipiga window tu, mama. Elfu ishirini, kesho saa nne unaichukua."

Kwa lugha ya mafundi, kupiga window ni kuweka mfumo wa Windows upya kabisa. Ni dawa inayofanya kazi, na ndiyo sababu inapendwa: fundi hahitaji kujua nini kimeharibika. Anafuta, anaweka upya, kompyuta inawaka kama siku iliyotoka dukani. Tatizo ni hilo neno anafuta. Asipohamisha kwanza picha, barua na majedwali ya mwenye kompyuta, vitu hivyo huondoka pamoja na ugonjwa. Na katika kompyuta za siku hizi zenye diski za SSD, kilichofutwa namna hiyo ni vigumu sana kukirudisha, hata kwa fundi mwenye programu za kufukua mafaili.

Mama alikuwa ameshafungua pochi. Aliyemzuia ni yule yule mtuhumiwa wa asubuhi, aliyekuwa amemfuata kubeba begi.

"Mama, na vitu vyako vya kikoba?"

Fundi alisema atajitahidi kuvitunza. Mama alilipima lile neno kujitahidi, akafunga pochi, akaomba radhi, wakarudi nyumbani na kompyuta yao.

Kwanza kujua ugonjwa uko wapi

Usiku huo mama alimpigia simu mdogo wake anayefanya kazi ya kompyuta Dodoma. Mjomba huyo hakuanza na dawa. Alianza na maswali, na maswali yake yanafaa kuulizwa na mzazi yeyote kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Taa inawaka? Feni inasikika? Kama hakuna dalili yoyote ya uhai, sasisho halihusiki. Hapo tatizo ni umeme, chaja, betri au kifaa kilichokufa ndani. Inafaa kujaribu chaja nyingine inayoendana nayo, na kuichomoa kabisa kisha kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili kumaliza mabaki ya umeme, halafu kuichomeka na kuiwasha upya.

Inawaka na feni inazunguka lakini kioo ni cheusi tangu mwanzo, bila hata nembo? Huenda kilichoharibika ni kioo chenyewe. Nyumba yenye televisheni na waya wa HDMI inaweza kuunganisha kompyuta na televisheni ikaona kama picha inatoka huko.

Kuna maandishi ya kusema hakuna diski ya kuwashia? Mara nyingine kinachosababisha ni flashi iliyosahaulika ubavuni: kompyuta inajaribu kuwakia humo, inakosa mfumo, inalalamika. Kuchomoa flashi, kadi na vikorokoro vyote ni kazi ya sekunde tano, na watu wameshalipa fedha kwa ajili ya hilo tu.

Diski inagonga au kukwaruza kama saa mbovu? Hapo mjomba alikuwa mkali kidogo. Diski ya namna hiyo inakufa, na kila inapowashwa inazidi kujimaliza. Inazimwa mara moja na kupelekwa kwa mtu anayejua kuokoa mafaili. Majaribio ya nyumbani hayaifai.

Ya mama haikuwa na lolote kati ya hayo. Nembo ilionekana, vidoti vilizunguka, kisha ikaanguka na kuanza upya. Hiyo ni picha ya kompyuta ambayo mwili wake ni mzima lakini mfumo wake wa Windows unashindwa kusimama, na ikitokea asubuhi baada ya usiku wa kujisasisha, sasisho ndilo la kushukiwa kwanza.

Kuna kosa moja ambalo mjomba alitaka kuhakikisha halijafanyika: kukosa subira. Sasisho kubwa kwenye kompyuta ya polepole linaweza kuchukua saa nzima au zaidi, namba ikiwa imeganda mahali pamoja kana kwamba imekufa. Kama taa ndogo ya diski bado inapepesa, kazi inaendelea. Mzazi anayeona imeganda kwa dakika kumi akaizima kwa nguvu ndiye anayegeuza kungoja kuwa ugonjwa. Ila kompyuta ikikaa saa kadhaa bila dalili yoyote, au ikizunguka kwenye kuwaka na kuzima kama ile ya Kihonda, kungoja zaidi hakusaidii.

Mlango wa nyuma wa Windows

Watu wengi hawajui kuwa Windows 10 na Windows 11 zina chumba kidogo cha matengenezo ambacho hufunguka hata mfumo wenyewe unaposhindwa kuwaka. Hakihitaji flashi wala intaneti. Kompyuta ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, kwa kawaida jaribio linalofuata hukipeleka kioo huko chenyewe. Isipokwenda, inalazimishwa: mtu anaiwasha, nembo ikitokea anabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kama sekunde kumi mpaka izimike, anarudia mara ya pili, kisha mara ya tatu anaiacha iendelee.

Kuizima kwa nguvu namna hii si jambo la kufanya kila siku. Hapa linafanywa makusudi kwa sababu kompyuta tayari haiwaki.

Kijana ndiye aliyekaa kwenye kibodi, mama akashika simu na tochi. Mara ya tatu kioo kilileta maneno "Preparing Automatic Repair", kisha ukurasa wa bluu wenye machaguo. Mjomba aliwaambia wachague "Troubleshoot", halafu "Advanced options".

Ndani ya ukurasa huo kuna vitu vya kugusa na vitu vya kuacha, na utaratibu wa kuvifuata ni kuanzia kile kisichodhuru chochote.

Cha kwanza ni "Startup Repair". Hiki hujaribu kutengeneza mafaili yanayohusika na kuwasha kompyuta. Hakigusi picha wala nyaraka za mtu. Kikishindwa husema kimeshindwa, na hakuna kilichopotea.

Cha pili, na kwa ugonjwa wa sasisho ndicho chenye tumaini kubwa, ni "Uninstall Updates". Hapo hutokea mafungu mawili. Lile la "quality update" ni sasisho dogo la kawaida, lile linalokuja karibu kila mwezi. Lile la "feature update" ni badiliko kubwa la toleo zima. Anayejua ni lipi lililoingia usiku ule anachagua hilo. Asiyejua anaanza na dogo. Kuliondoa sasisho hakufuti nyaraka za mtu. Sasisho kubwa lina muda wake: kwa kawaida Windows hutunza toleo la zamani kwa siku 10 tu, baada ya hapo njia ya kurudi hufungwa. Kwa hiyo kompyuta iliyogoma isiwekwe kabatini kusubiri mwisho wa mwezi.

Cha tatu ni "System Restore", kinachorudisha mipangilio ya mfumo katika siku ya nyuma, endapo kompyuta ilikuwa imetunza kumbukumbu ya siku hiyo. Nyingine hazikutunza, na hapo kitufe hiki hakina kazi.

Cha nne ni kuiwasha kwa hali ya tahadhari, ile inayoitwa "Safe Mode", kupitia "Startup Settings" na kubonyeza namba 4. Kompyuta huwaka ikiwa na vitu vya lazima tu. Kioo kinaweza kuonekana kibaya, na maandishi makubwa makubwa, lakini ikiwaka hivyo mtu anaweza kuchomeka flashi na kuhamisha anachokithamini kabla ya jambo jingine lolote.

Kitufe cha kuogopwa ni "Reset this PC". Kina njia mbili. Moja huahidi kubakiza mafaili ya mwenye kompyuta na kuondoa programu alizoziweka. Nyingine huondoa kila kitu. Zinaandikwa jirani kwa jirani, na saa sita usiku, mtu akiwa amechoka, ni rahisi kubonyeza isiyo yake. Mjomba aliwakataza kabisa kugusa kitufe hicho kabla jedwali la kikoba halijatoka.

Tarakimu 48

Walipobonyeza ile ya kuondoa sasisho, kioo kilibadilika. Kilidai ufunguo wa tarakimu 48.

Mama alifikiri ni virusi, au matapeli wanaotaka fedha. Mjomba naye alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akauliza swali ambalo nyumba nyingi haziwezi kulijibu: siku kompyuta ilipowashwa kwa mara ya kwanza, ilisajiliwa kwa barua pepe ya nani?

Kompyuta nyingi mpya zenye Windows 11 hufunga diski zao kwa fumbo. Jina la teknolojia hiyo ni BitLocker. Ni ulinzi mzuri: mwizi akichukua kompyuta na kuitoa diski, hawezi kusoma kitu. Kwa siku za kawaida mwenye kompyuta hata hajui kuwa ipo, kwa sababu mashine inajifungulia yenyewe. Lakini kukitokea jambo lisilo la kawaida wakati wa kuwaka, au mtu akitaka kuingia kwa mlango wa nyuma, inadai ufunguo. Asiye nao anahesabiwa kuwa mwizi, hata kama risiti ya dukani iko mkononi.

Jambo hili limeshawakuta wengi. Julai 2024 Microsoft wenyewe walikiri kuwa baada ya masasisho ya usalama ya mwezi ule baadhi ya kompyuta zilikuwa zikiwaka na kudai ufunguo huo bila mwenyewe kufanya kosa lolote. Watu waliokwenda kwa fundi bila kuujua waliambiwa jibu moja tu, kufuta kila kitu. Na hapo fundi halaumiwi. Hata akiitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, ufunguo utadaiwa vile vile.

Habari njema ni kwamba mtu akisajili kompyuta kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo huo kwa kawaida hutunzwa ndani ya akaunti hiyo mtandaoni. Unaweza kusomwa kwa simu yoyote, kwenye ukurasa wa aka.ms/myrecoverykey. Kioo cha kompyuta huonyesha pia utambulisho wa ufunguo, na herufi zake nane za mwanzo zinatosha kumwonyesha mwenye akaunti ni ufunguo upi unaohusika kama ana kompyuta zaidi ya moja.

Mama alisema barua pepe ni yake, kwa kuwa kompyuta ikiwaka huandika jina lake. Walijaribu. Hakuna kitu.

Kijana alikuwa ameinama. Ilichukua muda kabla hajasema.

"Mama, ile siku ya Januari hukuwa unaikumbuka nywila yako. Nilifungua yangu, nikaandika jina lako."

Katika nyumba hiyo kulikuwa na amri: hakuna akaunti ya mtandaoni ya aina yoyote mpaka kidato cha nne kiishe. Kijana alikaa na siri hiyo karibu mwaka mzima. Angenyamaza usiku ule, kompyuta ingefutwa Jumamosi, na hakuna ambaye angejua lolote. Mama alimtazama, kwenye simu mjomba akakohoa, na hakuna aliyeongeza neno.

Nywila ilikuwa imeandikwa nyuma ya daftari la Fizikia. Ukurasa ulitaka uthibitisho, ukatuma namba kwenye simu iliyosajiliwa, na simu hiyo ilikuwa ya mama mwenyewe, ile ile iliyokuwa mkononi mwake. Ndipo alipokumbuka kuwa mwezi Januari aliwahi kupokea ujumbe wenye tarakimu kutoka kwa watu asiowajua, akaufuta haraka akidhani ni wale wa tuma kwa namba hii.

Mafungu manane ya tarakimu sita sita. Mama alisoma, kijana akachapa. Walikosea mara moja kwenye fungu la tano wakaanza tena.

"Startup Repair" ilijaribiwa kwanza, ikashindwa. Kuondoa sasisho dogo kulichukua kama dakika ishirini. Saa saba kasoro usiku kompyuta ikawaka. Mjomba hakuwaruhusu kushangilia wala kufungua kitu kingine. Aliwaambia wachomeke flashi, wahamishe jedwali la kikoba, kisha picha zote, ndipo wakalale.

Si za nyumbani tu

Mzazi anaweza kudhani mambo haya ni ya kompyuta za bei nafuu na umeme wa kukatikakatika. Julai 19, 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilisambaza sasisho lenye kasoro la programu yake. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 duniani zilianguka na kushindwa kuwaka. Ndege zilibaki viwanjani, hospitali zikaahirisha huduma, benki zikakwama. Sehemu kubwa ya dawa yake ilikuwa kama ile ya Kihonda: mtu kukaa mbele ya kompyuta, kuiingiza kwenye hali ya tahadhari na kuondoa faili moja kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine. Na zile zilizofungwa kwa BitLocker zilidai tarakimu 48 kwanza.

Microsoft nao wana historia yao. Januari 2018 walisimamisha sasisho kwa baadhi ya kompyuta zenye prosesa za AMD baada ya mashine hizo kushindwa kuwaka. Oktoba mwaka huo huo walisimamisha toleo jipya la Windows 10 baada ya watumiaji kulalamika kuwa mafaili yao yametoweka.

Baada ya visa kama hivi, baadhi ya wazazi huamua kuzima masasisho kabisa, na mafundi wengine huwafanyia hivyo bila kuulizwa, kama zawadi. Ni uamuzi unaoeleweka lakini ni mbaya. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Sasisho la kuziba tundu vilimopitia lilikuwa limetolewa tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuliweka, au waliokuwa na matoleo ya zamani mno.

Kilicho cha busara zaidi ni kuchagua saa. Windows inaruhusu kusimamisha masasisho kwa muda, hata wiki tano, kupitia ukurasa wake wa mipangilio. Mwenye mtihani wa mtandaoni wiki ijayo, mwenye maombi ya mkopo wa chuo yanayofungwa Ijumaa, au katibu wa kikoba anayekaribia kugawa, anaweza kusimamisha, kumaliza kazi yake, kisha kuruhusu masasisho siku ya Jumamosi mchana, chaja ikiwa imechomekwa na betri imejaa. Anayetumia bando la simu anaweza pia kuiambia kompyuta kuwa intaneti hiyo inapimwa, na hapo haitavuta mafaili makubwa ovyo. Nafasi kwenye diski nayo ina lake: diski iliyojaa filamu mpaka pomoni ni chanzo kizuri cha sasisho kukwama katikati.

Wenye Windows 10 wana suala jingine. Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watumiaji wa nyumbani kuna mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026. Kompyuta nyingi zilizotumika, zile zinazouzwa kwa wingi Kariakoo na Luthuli, Nairobi, hazikidhi masharti ya Windows 11 kwa sababu hazina kifaa cha usalama kinachotakiwa, TPM 2.0. Wapo wauzaji wanaoilazimisha iingie hivyo hivyo. Inawaka, lakini Microsoft hawaahidi kuwa mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na anayeinunulia mtoto wa chuo anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Ikiwa ni lazima kwenda kwa fundi

Zipo kompyuta ambazo hazitapona nyumbani. Sasisho haliondoki, chumba cha matengenezo hakifunguki, au mzazi hana mtu wa kumpigia Dodoma. Fundi mzuri bado ana njia kabla ya kufuta. Anaweza kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine, kama Ubuntu, bila kugusa kilichomo kwenye diski, akahamisha nyaraka za mteja, ndipo apige Windows. Kama diski imefungwa kwa fumbo, mteja aende na ufunguo wake. Flashi ya kuwekea Windows inatengenezwa kwa programu inayotolewa bure na Microsoft, kwenye kompyuta yoyote nzima, na flashi ya GB 8 inatosha, ingawa bando litakalotumika ni la GB kadhaa.

Swali la kumuuliza fundi ni moja, na liulizwe kabla ya bei: mafaili yangu utayahamishia wapi kwanza, na nitayaona kabla hujafuta? Anayekasirishwa na swali hilo aachwe. Na mama au baba mwenye picha za familia, vyeti vilivyoskaniwa na nywila za benki ndani ya kompyuta ana haki ya kukaa pale pale dukani wakati yanahamishwa. Kumwachia mtu asiyemfahamu kompyuta iliyo wazi usiku kucha ni kumwachia kabati la chumbani.

Kuhifadhi nakala ndiko kungeondoa hofu yote hii, na kila mtu anajua, na hakuna anayefanya. Sababu ni kwamba watu huambiwa wahifadhi kila kitu. Mwalimu wa Morogoro hakuhitaji kila kitu. Alihitaji jedwali moja dogo kuliko picha moja ya simu. Angejitumia mwenyewe kwa barua pepe au WhatsApp kila baada ya kikao, asingepoteza usingizi. Google hutoa GB 15 za bure kwa kila akaunti, Microsoft hutoa GB 5, na majedwali ya kikoba ya miaka kumi hayawezi kujaza hata robo ya hizo.

Jumapili wanachama walifika saa nane mchana, wengine na vikapu vya chakula. Hesabu zilisomwa kutoka kwenye kompyuta na nakala yake ikiwa kwenye simu ya mwenyekiti. Mwanachama mmoja alibisha faini ya Agosti, ikaonyeshwa, akacheka akalipa. Walimaliza magharibi.

Kompyuta hiyo ilijisasisha tena wiki mbili baadaye, Jumamosi mchana, ikiwa kwenye chaja, na ikawaka bila shida. Akaunti bado ni ya kijana. Mama ameamua ibaki hivyo kwa sasa, ila nywila anaijua. Kwenye jalada la ndani la daftari la kikoba, lile lililoishia Machi na sasa limeanza kuandikwa tena, kuna tarakimu 48 kwa mwandiko wa mwanafunzi wa kidato cha tatu, mafungu manane, na pembeni ya kila fungu alama ya tiki ya kalamu nyekundu, kama mwalimu anavyosahihisha.